Mstari na Jina: Jinsi Ardhi ya Meru na Embu Ilivyoingia Kwenye Rejista

Kila shamba lililosajiliwa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya lina makao mawili katika ofisi ya ardhi. Makao ya kwanza ni karatasi kubwa ya ramani, ambamo shamba ni umbo lililozungushiwa mstari mwembamba na kupewa namba. Makao ya pili ni kadi ya rejista, ile ambayo watu wengi huiita kadi ya kijani, ambamo shamba hilohilo ni maneno: eneo lake, ukubwa wake, jina la mwenyewe, na madeni au vikwazo vilivyowekwa juu yake. Kinachounganisha makao hayo mawili ni namba tu, ikitanguliwa na jina la mahali, kama Ngandori, Kagaari au Kyeni kule Embu, au Abothuguchi na Nkuene kule Meru. Ukiifuta namba hiyo, ramani inabaki picha ya mashamba yasiyo na wenyewe, na kadi inabaki orodha ya majina yasiyo na ardhi. Ninachodai hapa ni kwamba nguvu ya rejista hii, pamoja na sehemu kubwa ya machungu iliyoleta, ilitokana na jinsi mchoro na maandishi vilivyogawiwa kazi. Kila kimoja kilipewa jambo ambalo mwenziwe hawezi kulisema. Migogoro ilizuka pale watu walipokidai kimoja kazi ya mwenziwe, na ilikuwa mibaya zaidi pale ambapo haki fulani haikupata pa kukaa katika chochote kati ya hivyo viwili.

Wahandisi wanaobuni mifumo ya kompyuta wanalifahamu swali hili vizuri. Kabla mfumo haujajengwa, lazima mahitaji yake yaandikwe: nani atautumia, kwa kazi gani, chini ya masharti gani. Wako wanaotaka kila kitu kichorwe kwa visanduku na mishale ili macho yaone mara moja, na wako wanaotaka kila kitu kiandikwe kwa sentensi ili pasiwe na nafasi ya kubahatisha. UML, lugha ya michoro iliyokubaliwa na shirika la OMG mwaka 1997, ililazimika mwaka huohuo kuambatanishwa na lugha ndogo ya maandishi kwa ajili ya masharti ambayo visanduku havikuweza kuyabeba. Wapimaji na makarani waliofika Embu na Meru takriban miaka 40 kabla ya hapo walikuwa wakijenga mfumo wa aina hiyohiyo, mfumo wa kujibu swali moja zito: ardhi hii ni ya nani, na inaishia wapi?

Swali hilo lilikuwa na majibu kabla ya wao kufika. Ardhi ilishikwa na koo, na ndani ya ukoo ikashikwa na familia, na mara nyingi familia moja ilikuwa na vipande vilivyotawanyika kutoka juu kwenye baridi hadi chini kwenye joto. Huku juu palifaa mazao ya baridi na kule chini palifaa mtama, kunde na malisho. Mvua ikikosa huku, kule huenda ikapatikana. Mipaka ilishikwa na mito, mawe, miti iliyoachwa makusudi na mimea iliyopandwa kwenye mstari wa mpaka, na zaidi ya hapo ilishikwa na vichwa vya wazee. Mzee aliyeujua mpaka aliutembea kwa miguu huku akisimulia nani alimpa nani, kwa mbuzi wangapi, na kwa sharti gani la kurudisha. Kwa namna hiyo hata kumbukumbu ya wazee iliunganisha umbo na maneno: miguu ilichora, mdomo ukaeleza. Mgogoro ulipozidi nguvu za majirani ulipelekwa mbele ya wazee wa ukoo, na kule Meru ungeweza kufika hadi Njuri Ncheke, baraza ambalo makao yake ya heshima yako Nchiru. Kiapo ndicho kilichokuwa muhuri.

Kumbukumbu hiyo iliguswa na msukosuko wa miaka ya 1950. Hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika hadi vijiji vilivyozungukwa na ulinzi, na maelfu walikuwa kizuizini. Mwaka 1954 Roger Swynnerton, afisa wa kilimo, alitoa mpango uliobeba jina lake: vipande viunganishwe, kila mkulima apate shamba moja lenye hati, kisha apande mazao ya kuuza kama kahawa. Hoja ya kahawa haikuwa ngeni huku, kwa kuwa Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndiko Waafrika wa Kenya walikoruhusiwa kwanza kuipanda kwa majaribio katika miaka ya 1930. Lakini wakati uliochaguliwa una maana yake. Kuandika nani ana ardhi wakati wengi wa wenye ardhi wako nyuma ya seng'enge ni tendo la kisiasa, na serikali ilijua hivyo. Nyeri, Kiambu na Murang'a zilitangulia, na kazi ya Murang'a, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall, ilibidi irudiwe baada ya vipimo na orodha kuonekana zina kasoro. Embu na Meru zilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na wakati wa kutungwa kwa sheria mpya ya usajili ya mwaka 1959.

Namna kazi ilivyofanyika shambani yafaa itazamwe kwa karibu, maana hapo ndipo muungano wa mchoro na maandishi unapoonekana. Mahali pa kuunganisha vipande, maandishi yalitangulia. Kila kipande kilipimwa, ukubwa wake ukaandikwa chini ya jina la mwenyewe, kisha vipande vyote vya mtu mmoja vikajumlishwa. Kutoka jumla hiyo sehemu ilikatwa kwa ajili ya barabara, shule na soko. Baada ya hapo ndipo ramani mpya ilipochorwa, ikigawa mteremko mzima upya ili kila jumla ipate umbo lake. Kosa lililoingia kwenye orodha liligeuka mstari kwenye ramani na kisha ua uliopandwa ardhini. Mahali ambapo watu waliachwa kwenye mashamba waliyokuwa nayo, kama ilivyokuwa sehemu kubwa ya Mbeere, upande wa chini wa Embu, chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968, mpango ulikuwa kinyume: mipaka iliyopo ilichorwa kwanza, jina likafuata. Sheria hiyo hata iliwatenganisha maofisa, mmoja wa kuweka alama za mipaka, mwingine wa kupima na kuchora, mwingine wa kujaza fomu ya umiliki. Kamati ya wakazi wasiopungua kumi ilisikiliza mashauri. Mwishowe, kile ambacho sheria ilikiita rejista ya uamuzi kilikuwa vitu viwili pamoja, ramani ya mipaka na rekodi ya umiliki, na vyote viwili viliwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye pingamizi aje aone. Sheria ilikuwa imekataa kabisa kuita kimoja chake rejista bila mwenziwe.

Ramani zenyewe, zilizokusudiwa kuwa za muda, zilitokana na picha zilizopigwa kutoka angani, zikakuzwa hadi kipimo cha 1 kwa 2,500, kisha mipaka ikafuatishwa juu yake kwa kalamu. Ndiyo sababu wakulima walihimizwa kupanda nyua: ua ukikua, ndege ikipita tena itauona, na ramani ya muda itaweza kubadilishwa na iliyo sahihi zaidi. Picha hizo hazikusawazishwa, na kwenye miteremko kama ya Mlima Kenya picha isiyosawazishwa huvuta umbali. Hata bila tatizo hilo, hesabu ni rahisi. Kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, milimita moja ya karatasi ni mita 2.5 za ardhi. Mstari wa kalamu wenye upana wa nusu milimita unafunika mita 1.25. Kwenye shamba la hekta moja lenye umbo la mraba, upana wa mstari huo upande mmoja tu ni mita za mraba 125, eneo linalotosha nyumba na uga wake. Mashamba mengi ya Embu ya juu na ya Imenti kule Meru ni madogo kuliko hapo baada ya kugawiwa mara mbili au tatu kwa wana.

Mtu anayeishia kwenye hesabu hiyo atasema ramani ilikuwa mbovu. Lakini walioandika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 walilijua jambo hili, wakaweka katika kifungu cha 21 sentensi inayoizuia ramani isidai zaidi ya inachojua: ila pale rejista inaposema mipaka imekazwa, ramani itachukuliwa kuonyesha mipaka kwa kukadiria tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilirudia kanuni hiyo katika kifungu chake cha 18. Kwangu mimi hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika mfumo mzima, kwa kuwa hapa maandishi yanaueleza mchoro namna ya kusomwa. Ramani inajibu swali la jirani ni nani na shamba limekaa vipi kati ya mto na njia. Ua ulio shambani unajibu mpaka uko wapi hasa. Kadi inajibu ni wa nani. Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama. Sheria yake ya usajili ya mwaka 1862 ilitaka mipaka ithibitishwe kwa usahihi, majirani waliokuwa wakiishi kwa amani wakaanza kugombania vipimo, na mfumo ukakwama hadi sheria ya mwaka 1875 ilipokubali mipaka ya jumla. Kanuni ya kifungu cha 21 ni mjukuu wa kushindwa huko.

Wengi watapinga wakisema kanuni ya kukadiria ilikuwa kisingizio cha serikali isiyotaka kugharamia vipimo, na kwamba leo, tukiwa na vifaa vya setilaiti, mchoro ulio sahihi utamaliza ugomvi wote. Ni kweli gharama ilikuwa sababu. Ni kweli pia kwamba ahadi ya kupiga picha tena na kuzibadilisha ramani za muda haikutimizwa kila mahali, na kuna sehemu ambazo ramani ya muda imekaa kwa miongo kama ya kudumu. Lakini mchoro sahihi hauwezi kusema mstari uliochorwa ni wa nani, wala uliwekwa kwa makubaliano gani. Chukua mpaka uliosogezwa baada ya ndugu wawili kubadilishana vipande ili mmoja afike mtoni. Kifaa cha setilaiti kitaipata nafasi ya ua kwa usahihi wa sentimita, lakini hakitajua kama ua umesogezwa kwa ridhaa au kwa wizi. Jibu la hilo liko kwenye maneno, na kama maneno hayakuandikwa, liko kwa majirani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye udhaifu ulio mkubwa zaidi. Kadi ya rejista ilikuwa na sehemu tatu: moja ya kueleza shamba, moja ya mwenyewe, moja ya vikwazo kama vile rehani. Mara nyingi sehemu ya mwenyewe ilibeba jina moja, na jina hilo kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mkuu wa nyumba. Mke aliyelima kipande alichopewa alipoolewa, mwana aliyetarajia sehemu yake, mama mjane, jamaa aliyekaribishwa, mtu aliyetoa mbuzi kwa sharti kwamba ardhi itarudi wakirudishwa: wote walikuwa na haki iliyofahamika, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kwenye ramani, kwa kuwa mstari hauwezi kuchora haki mbili zilizolaliana juu ya udongo uleule. Haki za namna hiyo zilihitaji sentensi. Sheria ya 1968 kwa kweli iliziwekea safu kwenye fomu. Afisa aliruhusiwa kuandika haki za kimila zinazoigusa ardhi. Tatizo ni kile kilichotokea haki hizo zilipohamia kwenye rejista. Kifungu cha 11 cha sheria ya 1963 kilimfanya mwenye haki ya kimila ya kukaa kuwa kama mpangaji wa mwaka hadi mwaka. Mjane angeandikwa kwa jina lisilomfaa, tena jina dhaifu kuliko haki aliyokuwa nayo kabla ya kuandikwa. Familia nyingi hazikuona sababu ya kumwandikisha, na safu ile ikaachwa tupu.

Safu tupu haikuwa na madhara mradi kila mtu alijua kilichopaswa kuwamo. Madhara yalianza mahakama zilipoisoma kama jibu. Mwaka 1972 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ambayo haikutoka huku, kwamba haki ya kimila isiyoandikwa kwenye rejista imezimwa na usajili. Ukimya wa karatasi ukawa ushahidi dhidi ya waliokaa kimya. Miaka 46 baadaye, Oktoba 2018, ilikuwa kesi ya ardhi ya Meru iliyofika Mahakama ya Juu na kuibadilisha njia hiyo: majaji walisema amana ya kimila, yaani ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mmoja lakini akaishika kwa niaba ya familia au ukoo, inamfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa, ila anayeidai athibitishe. Kwa uamuzi huo mahakama ilikiri kwamba rejista haikuandikwa kikamilifu, na ikairudisha kazi ya kuijaza kwa mashahidi. Ni haki, naamini, lakini ni haki inayogharimu kesi ya miaka mingi kwa kila shamba.

Watafiti waliofanya kazi Embu na Mbeere waliyaona haya mapema. Jack Glazier, aliyeandika kuhusu ardhi ya Mbeere katika kitabu chake cha mwaka 1985, alionyesha kwamba kuja kwa usajili hakukumaliza mabishano ya koo, bali kuliyachochea. Kabla ya hapo nasaba ilikuwa na ulegevu ulioruhusu watu kuishi pamoja bila kukata shauri. Karatasi ilipokuwa karibu kuandikwa, kila ukoo ulijua kwamba jibu la leo litakuwa la milele, na simulizi za mababu zikanyooshwa hadi zifike kwenye kipande kinachogombaniwa. Angelique Haugerud, aliyechunguza Embu na kuchapisha mwaka 1989, aliona upande wa pili: baada ya usajili, watu waliendelea kuazimana, kuuziana na kurithishana bila kwenda ofisini, hadi rejista ikaanza kuachana na shamba. Kubadilisha umbo kulihitaji idhini ya bodi ya ardhi, fomu ya kugawa shamba yenye mchoro wa mpimaji, ada, na safari za mjini. Kubadilisha jina baada ya kifo kulihitaji mahakama. Kwa hiyo mstari na jina vilibaki palepale vilipoachwa mwaka 1960 na kitu au 1970 na kitu, wakati nyua zilikuwa zikisogea na wenyewe wakifariki.

Ushahidi wa Glazier unatoa pingamizi zito kwa hoja yangu, nami silikwepi. Kama simulizi zilinyooshwa kwa tamaa, si bora tuseme kumbukumbu ya wazee haikuwa ya kuaminika, na kwamba jina moja kwenye kadi lilikuwa tiba? Ningekubali kama kadi ingeandika simulizi yenye ukweli badala ya ile iliyoshinda siku hiyo. Kamati ilisikia hoja nyingi, ikaandika moja. Kwa mchoro, kuandika jibu moja tu ni rahisi, maana mpaka mmoja hauwezi kupita mahali pawili. Lakini haki za watu huweza kupishana bila kugongana, na kuzilazimisha zifuate mantiki ya mstari kulikuwa kuyapa maandishi kazi ya ramani. Wengine watasema haya yote ni siasa ya kikoloni tu, kwamba serikali ilitaka kuwatuza waliokuwa upande wake na kuwanyima waliopigana nayo msituni. Siasa hiyo ilikuwepo, na iliumiza. Lakini kazi ya Mbeere ilifanyika chini ya serikali huru, kwa kamati za wakazi, na safu ikaachwa tupu vilevile. Kule Igembe na Tigania, upande wa Meru, ambako kuamua na kukusanya mashamba kumechukua miongo na vitongoji vingine vimeingia karne hii bila hati, maelfu ya mapingamizi yamerudi kwenye mambo yayo hayo: umbo lililohesabiwa vibaya, au mtu ambaye fomu haikumpa mahali. Siasa ilikaa ndani ya fomu, na fomu ikaishi kuliko serikali iliyoileta.

Tangu Aprili 2021 serikali imekuwa ikihamishia ardhi kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, kuanzia Nairobi. Kwa mkono wa kulia unaingia mchoro, kwa mkono wa kushoto yanaingia maandishi, na kompyuta inadai vikubaliane kwa namna ambayo kabati la faili halikuwahi kudai. Namba iliyopo kwenye kadi lakini haipo kwenye ramani huonekana mara moja, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini mwanya ulio mkubwa zaidi hautaonekana, kwa sababu safu tupu ikinakiliwa inabaki tupu, na mfumo hausemi kama ni tupu kwa kuwa hakuna haki, au kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wanaoandika mahitaji ya mfumo huo kwa ajili ya Meru, Tharaka-Nithi na Embu wangeweza kuidai tofauti hiyo iandikwe: sehemu ya kusema mke au watoto wanaishi hapa, ardhi hii ni ya ukoo, swali hili liliulizwa tarehe fulani na hawa ndio waliojibu.

Hadi sasa kazi hiyo hufanyika kwa njia ya zamani. Majirani wakigombana, sheria haiiruhusu mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla msajili hajaamua mpaka uko wapi, na msajili hawezi kuamua akiwa mezani. Huja shambani na mpimaji, akiwa na karatasi ya ramani na kadi mkononi. Majirani wa pande zote huitwa, na wazee wanaokumbuka siku ya kupima husimama kwenye ua. Mpimaji anavuta utepe kutoka kona anayoiamini, mzee anaonyesha kwa fimbo mti ambao haupo tena, na karani anaandika.